Imani ya Mlei Haiishii Kanisani



Mwaka 1976 Maaskofu Katoliki wa Afrika ya Mashariki, katika mkutano wao wa Nairobi, waliazimia kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kwa azimio hilo imani ilitakiwa ishushwe kutoka altareni hadi nyumbani kwa mlei: majirani wakutane, wasome Injili, kisha waulizane ni nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amekosa sare.

Lakini katika mitaa kama ya Jangwani jirani si lazima awe Mkristo. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulipofurika, na watu wapatao 40 wakafa jijini, maji hayakubagua nyumba ya Mkristo wala ya Mwislamu. Jumuiya iwajalio waumini wake peke yao ni chama cha kuzikana tu.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyependa mno kuhudhuria misa, aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuupiga vita umaskini litapoteza maana kwa binadamu.

Wako wadhanio kuwa hiyo ni kazi ya maaskofu. Karani husoma Injili jumuiyani Jumamosi. Jumatatu anamwambia mjane afuatiliaye mafao ya marehemu mumewe, "Njoo kesho," na faili liko mezani. Mjane huyo hamwulizi karani dhehebu lake. Nauli ya kumrudisha Jangwani ameikopa kwa jirani.