Nembo ya Mwenzio si Yako: Chaja Bandia na Hukumu ya Kughushi

(Mada iliyowasilishwa mbele ya waumini na wafanyabiashara wadogo baada ya Sala ya Alasiri, Temeke, Dar es Salaam)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Yeyote apitaye Mbagala Rangi Tatu, Tandika, Mwenge au Tegeta nyakati za jioni hukuta meza zilizopangwa chaja, betri, hedifoni, kava na nyaya za simu. Nyingi zimeandikwa majina ya makampuni makubwa ya dunia, na bei yake ni ya kununulia chai na maandazi. Muuzaji anajua kwamba kampuni hiyo haikuzitengeneza. Mnunuzi naye mara nyingi anajua, au anashuku. Na wengi wa wauzaji hao ni vijana wetu, waliosoma katika madrasa zetu na wanaosimama nasi katika safu za sala. Kwa hiyo swali linalotufikia kila mara ni hili: je, biashara hii ni halali? Na je, ni kweli kwamba anayeiga nembo ya mwenzake ni mwizi?

Tutalijibu swali hili kwa utaratibu, kwa kuwa kulijibu kwa haraka kumewapotosha wengi, wale wanaohalalisha kila kitu na wale wanaoharamisha kila kitu.

Tutenganishe mambo matatu

Jambo la kwanza ni kifaa kinachooana na simu lakini hakijifanyi kuwa kingine. Chaja iliyotengenezwa na kiwanda kingine, ikauzwa kwa jina la kiwanda hicho au bila jina lolote, si bandia. Maumbo ya plagi za simu siku hizi yamekaribiana mno; Umoja wa Ulaya umezilazimisha simu mpya zinazouzwa huko kutumia tundu la aina moja tangu tarehe 28 Desemba 2024. Basi hakuna dharura ya kuiba jina ndipo chaja iingie katika simu.

Jambo la pili ni kuiga ubunifu wa mtu, yaani namna kifaa kinavyofanya kazi au umbo lake. Hapa ndipo ulipo mjadala mrefu wa wanazuoni na wanasheria, nasi tutaufikia.

Jambo la tatu ni kuandika juu ya bidhaa jina na alama ya asiyeitengeneza. Hili ndilo linaloitwa kughushi. Na ajabu ni kwamba neno letu la Kiswahili, ghushi, limetoka katika neno lile lile la Kiarabu alilolitumia Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni Madina, akatia mkono wake katika lundo la chakula na vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye chakula alitoa udhuru kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Hadithi hii ameipokea Abu Hurayra na imo katika Sahihi ya Muslim.

Mtu yule hakuiba chakula cha yeyote. Chakula kilikuwa chake. Kosa lake lilikuwa kuuonyesha upande mkavu na kuuficha ulioloa. Sasa vipi kuhusu anayeonyesha jina la kampuni kwa nje, na ndani kukawa na kitu ambacho kampuni hiyo haikijui?

Mjadala wa wanazuoni juu ya haki ya ubunifu

Tukija katika jambo la pili, ni uadilifu kusema kwamba wanazuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Walio upande mmoja wamesema kwamba fikra na jina si mali, kwa sababu mali ni kitu kinachoshikika na kuhifadhika, na kwamba elimu haifai kufungiwa. Msimamo huu umeegemea zaidi kauli za Mahanafi wa kale juu ya haki tupu zisizokuwa na kiwiliwili.

Upande wa pili, nao ndio wengi, umesema kwamba manfaa nayo ni mali, na hivi ndivyo walivyo Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu hii. Aidha wamesema kwamba desturi ya watu ina uzito katika kuamua kipi kina thamani. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988, ilipitisha azimio namba 43. Azimio hilo lilikubali kwamba jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya fedha katika desturi za leo, na haijuzu kuzivamia. Liliruhusu pia kuziuza na kuzihamisha, kwa sharti kwamba kusiwe na udanganyifu.

Je, anayevamia haki hiyo ni mwizi? Katika istilahi ya fiqhi, wizi unaostahili adhabu maalumu una masharti yake: kuchukua kwa siri mali iliyofikia kiwango, kutoka mahali ilipohifadhiwa. Kuiga nembo hakutimizi masharti hayo. Basi asitoke mtu hapa akasema kwamba tumewahukumu vijana wa Tandika hukumu ya mwizi. Lakini kutokuwa wizi kwa istilahi hakukifanyi kitendo kuwa halali. Mnyang'anyi na mla amana nao hawaingii katika tafsiri hiyo ya wizi, na hakuna anayedai kwamba wameruhusiwa.

Na hapa ndipo tunapowaomba mzingatie sana. Hata tukichukua kauli ya wale wanaosema kwamba nembo si mali, biashara ya chaja bandia haihalaliki. Kwani wao walizungumzia umiliki, hawakuzungumzia uongo. Udanganyifu katika mauzo umekatazwa kwa makubaliano ya wote.

Udhuru wanaoutoa watu

Udhuru wa kwanza: mnunuzi anajua kwamba ni feki, bei yenyewe inamwambia. Tunajibu kwamba si kila mnunuzi anajua. Bibi aliyetoka Rufiji kuja Mbagala hajui. Mtoto atakayepewa simu na chaja yake hajui. Na mwenye nembo, ambaye kila chaja inayoungua huhesabiwa kuwa ni yake, hakuridhia. Kama kweli pande zote zinajua, basi jina lile lina kazi gani juu ya plastiki? Liondolewe, tuone kama bei itabaki ile ile.

Udhuru wa pili: hizi ni kampuni za makafiri, tena tajiri. Huu ni udhuru wa hatari zaidi, kwa kuwa Qur'ani imekwisha kuujibu. Katika Surat Aal Imran, aya ya 75, Mwenyezi Mungu (s.w.) ametaja watu waliokataa kurejesha amana kwa madai kwamba hawana lawama kuhusu wale wasiokuwa wa kundi lao, na akaeleza kuwa wanamzulia Mungu uongo hali wanajua. Aya hiyo hiyo imewasifu wengine miongoni mwao waliorejesha mali nyingi kwa uaminifu. Naye Mtume (s.a.w.), usiku alipohama Makka, alimwacha Ali (r.a.) nyuma ili arejeshe amana za wale wale waliokuwa wakimfanyia uadui.

Udhuru wa tatu: sisi ni maskini, na sheria hizi zimetungwa na matajiri. Katika udhuru huu mna ukweli, na hatutauficha. Mkataba wa dunia kuhusu haki za ubunifu, uliofungamana na Shirika la Biashara Duniani, wenyewe umezipa muhula nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, na mwaka 2021 muhula huo uliongezwa hadi tarehe 1 Julai 2034. Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Wagonjwa wa Ukimwi wakaenda mahakamani kwa kuwa tafsiri ya neno bandia iliweza kuzikumba hata dawa halali za bei nafuu, ambazo hutengenezwa na viwanda vingine zikiwa na dawa ile ile. Tarehe 20 Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa haki yao.

Hukumu ile ina mafunzo kwetu. Dawa ya bei nafuu inayosema kweli kuhusu nani aliyeitengeneza na nini kilichomo ilitetewa. Hiyo ni sawa na chaja ya jambo la kwanza tulilolitaja. Umaskini unatupa hoja ya kudai bidhaa nafuu na sheria za haki. Hautupi hoja ya kumwongopea mnunuzi ambaye naye ni maskini kama sisi.

Madhara yanayoingia majumbani

Umeme unaotoka ukutani nchini mwetu una nguvu ya volti 230. Simu huhitaji kidogo sana, na chaja nyingi za kawaida hutoa volti 5. Kazi ya chaja ni kuupunguza umeme huo na kuutenganisha kabisa na waya unaoshikwa na mtu. Utenganisho huo unahitaji vihami vya kutosha na nafasi baina ya pande mbili. Hivyo ndivyo vinavyopunguzwa kwanza na anayetafuta kutengeneza kwa senti chache, kwa sababu havionekani kwa nje. Mwaka 2016 wakaguzi wa biashara wa Uingereza walitangaza matokeo ya kupimwa chaja bandia 400 zilizonunuliwa kwa mtandao kutoka nchi 8. Zilizokuwa na vihami vya kumkinga mtu na umeme zilikuwa 3 tu.

Atasema mtu: hata za asili huharibika. Ni kweli. Mwezi Agosti 2007 kampuni ya Nokia iliutangazia ulimwengu kwamba betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni moja ya Japani, zingeweza kupata joto la kupita kiasi, na ikajitolea kuzibadilisha bure. Hapo ndipo tunapoiona maana ya jina. Jina ni dhamana: kitu kikikudhuru, unajua nani wa kumwendea. Betri bandia ya aina ile ile ikivimba mfukoni, utakwenda kwa nani? Aliyeitengeneza amejificha nyuma ya jina la mwingine, na aliyekuuzia hana risiti wala hakumbuki alikoinunua.

Sheria ya nchi na mpaka wake

Nchi yetu ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani hukamata na kuteketeza bidhaa bandia kwa mujibu wake. Kwa sheria hiyo, hata kuwa nazo kwa ajili ya kuuza ni kosa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini, kwa kuwa kila simu ina namba yake tambulishi. Lakini chaja haina namba. Hakuna mtambo utakaoizima kutoka mbali. Kilichobaki ni taqwa ya muuzaji na macho ya mnunuzi.

Nini cha kufanya

Kijana mwenye mtaji wote umelala katika mzigo wa bandia anauliza afanye nini. Kwanza, asinunue mwingine. Pili, kama muuzaji wa jumla alimdanganya, anayo haki ya kisheria ya Kiislamu ya kurejesha kwa sababu ya kasoro, na jumla anayekataa kupokea amebeba dhambi mbili. Tatu, kisicho na hatari, kama kava, kikiweza kuondolewa alama ya uongo basi kiondolewe na kiuzwe kama kilivyo, kisichoweza, kisiuzwe. Nne, chaja na betri zisizo salama zisiuzwe kabisa, hata zikifutwa majina, kwani hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Wenye maduka makubwa ya Kariakoo wasikilize pia. Ni wao wanaoagiza kwa makontena, na wanapokamatwa vijana wa mezani, wao huwa wamelala majumbani. Na sisi wa misikitini tusiishie kukemea. Kijana aliyepoteza mtaji kwa kutii aya anastahili mkopo mwema kutoka kwa jamaa wa safu yake, ili aanze upya kwa chaja zenye jina la kweli, hata kama faida yake ni ndogo.

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi ya Hakim bin Hizam iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kuongopa, baraka yake hufutwa. Basi tuziangalie meza zetu kesho asubuhi, kabla hatujazifunua turubai, tuone ni zipi kati ya bidhaa zilizopo tunazoweza kuzibainisha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitajie haramu yake, na awafungulie vijana wetu milango ya riziki iliyo safi. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.