Bei Hutajwa na Mtu wa Pili

(Maneno ya mweka hazina wa chama chetu katika mkutano wa mwaka, bwaloni)



Nimeombwa nieleze biashara ya majina ya tovuti, yaani jinsi yanavyopangiwa bei na jinsi yanavyonadiwa. Aidha, baadhi yenu mmeniuliza juu ya dola 300 zilizoandikwa katika hesabu za mwaka huu kwa maneno haya matatu: "kukomboa jina letu." Kwa kuwa mambo haya mawili ni jambo moja, nitayasema pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari mnalo; habari ndiyo hii.

Kila kompyuta iliyomo katika intaneti hujulikana kwa namba. Namba ni ngumu kukumbuka, kwa hiyo hutumika majina badala yake. Jina la kwanza lenye mkia wa .com lilisajiliwa Marekani tarehe 15 Machi 1985. Kwa miaka kumi usajili huo ulikuwa wa bure. Malipo yakaanza mwaka 1995, dola 100 kwa miaka miwili. Siku hizi jina la kawaida hulipiwa kiasi cha dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Yafaa ikumbukwe kwamba jina halinunuliwi likawa lako milele. Ni mfano wa pango: ukilipa unakaa, usipolipa unatoka na mwingine anaingia.

Sasa ikiwa pango ni dola 15, mbona majina mengine huuzwa kwa mamilioni? Jina business.com liliuzwa kwa dola 150,000 mwaka 1997, na miaka miwili baadaye likauzwa tena kwa dola milioni 7.5. Mwaka 2019 jina voice.com liliuzwa kwa dola milioni 30. Herufi hazikuongezeka, wala hakuna aliyezipaka rangi.

Wengi wenu mmefika Feri, Dar es Salaam, asubuhi wakati samaki wanaponadiwa. Dalali anataja bei, mama lishe anapandisha, mchuuzi anapandisha, mwisho mmoja anabaki. Lakini kila aliyesimama pale anajua samaki yule atauzwa kiasi gani mtaani ifikapo saa sita. Bei ya mtaani ndiyo inayowashika mkono wote. Jina la tovuti halina kilo wala bei ya mtaani. Ni moja tu duniani, na kwa watu karibu wote halina thamani yoyote, ila kwa mtu mmoja au wawili wanaolihitaji hasa.

Hapo ndipo wanapoingia wafanyabiashara wa majina. Tuseme mtu ana majina 100, na kila moja analilipia dola 10 kwa mwaka. Hiyo ni dola 1,000 kila mwaka, auze asiuze. Ikiwa mwaka mzima ameuza jina moja tu, basi jina hilo peke yake lazima limrudishie dola 1,000 kabla hajaona senti ya faida. Ndiyo sababu ukimwendea utatajiwa bei ya kukushtua. Hujatajiwa bei ya jina lako tu. Umetajiwa na pango la yale 99 yaliyolala.

Mtu huyu ana njia tatu za kuuza. Anaweza kubandika bei isiyopungua. Anaweza kukaribisha maelewano, kama tunavyofanya kwa fundi seremala. Au anaweza kunadi. Akijua kwamba anayelitaka jina ni mmoja tu, hatalinadi, maana mnada wenye mtu mmoja huishia kwenye bei ya kuanzia. Atabandika bei na kusubiri. Akihisi kwamba wapo wawili, hapo atapiga kengele ya mnada. Wengine huweka pia bei ya siri, ambayo dau lisipoifikia, jina haliuzwi.

Katika mnada wa intaneti hulazimiki kukesha ukibishana. Unaiandikia kompyuta kikomo chako, nayo inakuwa wakala wako. Ukiandika dola 500 na mwenzako akaandika 300, kompyuta haitakutoza 500. Itapanda hatua moja tu juu ya mwenzako, na ikiwa hatua ni dola 10, utalipa 310. Mtaalamu wa uchumi William Vickrey alieleza mwaka 1961 kwa nini katika mnada ambao mshindi hulipa dau la mtu wa pili, ni busara kila mmoja aandike thamani ile anayoiamini kweli, wala asicheze. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwa ufupi, mshindi hupewa mali, lakini anayeitaja bei ni mtu wa pili. Ndiyo maana baadhi ya wauzaji wasio waaminifu huweka rafiki yao apandishe dau kwa uongo. Mchezo huo umekatazwa, nanyi mjihadhari nao.

Basi, Ndugu zangu, nije kwenye dola zetu.

Jina la tovuti ya chama lilisajiliwa zamani na katibu wetu wa kwanza kwa anwani ya barua pepe yake mwenyewe. Alipofariki, Mungu amrehemu, ilani za kulipia pango ziliendelea kwenda kwenye sanduku ambalo hapakuwa na wa kulifungua. Mimi mweka hazina sikuuliza. Siku zikapita, jina likawekwa mnadani kwa kuanzia dola 12. Picha zetu za miaka yote, orodha ya wanachama, na anwani wanayotuandikia wafadhili, vyote vilikuwa chini ya jina hilo.

Kamati iliniruhusu kufika dola 300. Niliandika 300. Kulipokucha nikakuta nimepitwa. Wanadi hutajwa kwa namba tu, kwa hiyo nilimwona mshindani kuwa ni namba, na namba haina huruma. Usiku wa mwisho nikapandisha 450, nikapitwa. Nikapandisha 600, nikapitwa. Kila dau la dakika za mwisho liliurefusha mnada kwa dakika nyingine, na kila dakika damu ilizidi kuchemka. Saa nane usiku niliandika 900, na jina likabaki kwangu kwa 860. Chama kililipa 300. Zile 560 nilizitoa katika fedha za mabati ya nyumba yangu ya kijijini.

Miezi miwili baadaye tulikutana na mwenzetu mmoja msibani. Tulipokuwa tumeketi mkekani akaniambia kwa uchungu kwamba alijaribu kulinunua jina la shule ili aturudishie kama zawadi, lakini mpumbavu mmoja alimpanda hadi akashindwa. Kikomo chake kilikuwa dola 850. Nilimwambia, "Ndugu yangu, mpumbavu huyo ndiye huyu unayemgawia kahawa."

Nilirudi nikasoma kumbukumbu za mnada ule. Tukituondoa sisi wawili, mfanyabiashara pekee aliyeingia aliishia dola 60. Tungezungumza, tungelipa 65. Dola 795 tumezitupa sisi wenyewe, kwa kuipenda shule moja bila kuambiana. Na katika zile 300 za chama, 235 zingebaki katika fungu la hadubini za maabara yenu, wanafunzi.

Sisemi kwamba wanunuzi wapatane kuwakandamiza wauzaji. Mimi ni mtumishi wa serikali, na katika zabuni za umma hiyo ni njama na ni kosa. Nasema kwamba watu wa nyumba moja wamtume mtu mmoja sokoni. Hali kadhalika, kikomo kiandikwe mchana, mbele ya wenzako, wala kisibadilishwe usiku. Na kabla ya hayo yote, pango lilipwe.

Jina letu sasa limelipiwa miaka kumi, muda mrefu kuliko wote unaokubaliwa kwa .com. Limesajiliwa kwa anwani ya chama, na viongozi watatu wana funguo zake. Tarehe ya kulipia imeandikwa ubaoni ofisini, pale alipokuwa akiandika zamu za usafi yule kiranja ambaye wengi wetu tulimwogopa.

Mwenzangu yule yumo humu ndani na anacheka. Alitaka kunirudishia nusu ya zile 560. Nimemwomba hizo 280 aziweke kwenye fungu la hadubini, naye amekubali. Mabati yangu yatasubiri mavuno.