Kutoka Gwaride hadi Ngoma: Mabadiliko ya Beni katika Kumbukumbu za Wachezaji Wake

1.0 Utangulizi

Katika lugha ya Kiswahili kitenzi kimoja kinatosha kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenganisha. Msichana harusini hucheza ngoma. Askari uwanjani hucheza gwaride. Wote wawili wanacheza. Msikilizaji mzawa haoni ajabu yoyote katika matumizi hayo, lakini mtafiti wa lugha anapaswa kusita na kuuliza: ni historia gani iliyokiwezesha kitenzi hiki kubeba mzigo wa dansi na wa nidhamu ya kijeshi kwa wakati mmoja? Mhadhara huu unaitazama beni, ngoma ya mashindano iliyochezwa kwa tarumbeta, ngoma za kijeshi, sare na vyeo, ambayo ilianzia mwambao wa Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa hadi migodi ya shaba ya kusini. Unachunguza jinsi beni ilivyobadilika kutoka kizazi hadi kizazi, na jinsi wachezaji wake walivyoyakumbuka mabadiliko hayo.

Hoja inayotetewa ni mbili. Kwanza, beni haikuwa uigaji mtupu wa wakoloni. Ilikuwa chombo kipya cha ushindani wa zamani. Pili, kumbukumbu za wazee ni ushahidi usio na badala, lakini hazina budi kusomwa pamoja na msamiati walioutumia.

2.0 Mashindano kabla ya tarumbeta

Ikumbukwe kwamba ushindani haukuletwa na bendi. Miji ya mwambao ilikuwa imegawanyika katika mitaa iliyoshindana kwa karamu, kwa mashairi na kwa ngoma. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Mombasa ilikuwa na malumbano ya kishairi yaliyompatia umaarufu Muyaka bin Haji katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Jonathon Glassman (1995), akiuchunguza mji wa Pangani na pwani ya Mrima, ameonyesha kwamba karamu na ngoma zilikuwa uwanja wa kugombea heshima: aliyelisha wengi na kuvuta wachezaji wengi alipanda daraja, na aliyeshindwa alibaki na deni na aibu.

Kilichokuja baadaye ni sauti mpya. Masultani wa Unguja walikuwa na bendi yao iliyopigwa na Wagoa. Huko Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa mwaka 1875, vijana walifundishwa kupuliza ala za shaba. Manowari za Kizungu ziliteremsha mabaharia waliotembea kwa hatua moja. Vijana wa mwambao waliyatazama hayo kwa jicho la mtu anayetafuta silaha mpya ya kumshinda jirani yake. Mjini Mombasa pakatokea Kingi na Skochi, vyama viwili ambavyo majina yake yalichukuliwa kwa watawala lakini ugomvi wake ulikuwa wa wenyeji.

3.0 Vita na kuenea kwa beni

Vita vya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyoibadilisha beni kutoka ngoma ya mitaa kuwa ngoma ya nchi kadhaa. Askari na wapagazi wa pande zote mbili walikutana, wakatekana, wakaambukizana nyimbo na hatua. Ukubwa wa mkasa huo umehifadhiwa katika jina la mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, ambalo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Katika Tanganyika vyama viwili ndivyo vilivyotawala: Marini na Arinoti. Jina la Marini linatokana na neno la Kijerumani la jeshi la majini. Kwa mujibu wa Terence Ranger (1975), ambaye utafiti wake umebaki kuwa msingi wa taaluma hii, Marini aghalabu ilivuta watu wenye elimu na hadhi ya mjini, ilhali Arinoti ilivuta vibarua na wageni wa bara. Kila tawi lilikuwa na safu ya vyeo: Kingi au Kaisa, jenerali, kanali, daktari, na upande wa wanawake, Kwini. Aliyehama kutoka Tanga kwenda Tabora alipokelewa na wanachama wenzake, alipougua alitazamwa, alipofariki alizikwa kwa heshima. Kwa kijana aliyefika mjini bila ndugu, chama kilikuwa ukoo.

Serikali ya Kiingereza ilitia shaka. Baada ya vita, maofisa wake walihofia kwamba mtandao huu wa watu wenye vyeo vya kijeshi ulikuwa njama. Waliupeleleza, na hatimaye wengi wao wakahitimisha kwamba ni mchezo tu. Maoni yote mawili yalikosea kwa namna moja. Waliona nguo wasisikie maneno. Nyimbo zilihusu wapinzani, madeni, umbeya, umaridadi na mapenzi, na ziliimbwa kwa Kiswahili hata katika nchi ambazo Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo beni ni mojawapo ya njia zilizokipeleka Kiswahili bara, bila shule wala amri ya serikali.

4.0 Sura mpya za ngoma moja

Kila ilikofika, beni ilibadilika. Katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, askari waliorudi nyumbani walizaa mganda na malipenga. Huko tarumbeta za shaba zilikuwa ghali, basi vibuyu vyenye utando vikachukua nafasi yake, na mchezaji akavumisha sauti yake humo hadi ikafanana na bendi. Ng'ambo ya ziwa, katika mwambao wa kusini-magharibi wa Tanzania, mganda huchezwa na wanaume na kioda huchezwa na wanawake.

Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, chama cha mbeni kiliingia migodini. Baada ya mgomo wa wachimba shaba wa mwaka 1935, tume ya uchunguzi ilikitaja miongoni mwa mambo yaliyotiliwa shaka. Humo humo ikatokea kalela, aliyoieleza J. Clyde Mitchell (1956). Sare za kijeshi zilikuwa zimetoweka. Wachezaji walivaa kinadhifu mavazi ya mjini. Hata hivyo, daktari alibaki, akiwa amevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu. Alibaki pia muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, aliyepita na kioo na leso ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho. Cheo kilikuwa kimehama kutoka kambini kwenda hospitalini, lakini mpangilio ulikuwa ule ule.

5.0 Wanawake na lelemama

Historia ya beni ikisimuliwa kwa wanaume peke yao hubaki nusu. Mjini Mombasa wanawake walishindana kupitia vyama vya lelemama, na majina ya Kingi na Skochi yaliingia humo pia. Baadaye ushindani mkubwa ulikuwa kati ya Ibinaal Watan na Banu Saada. Margaret Strobel (1979) ameeleza jinsi vyama hivi vilivyowapa wanawake uongozi, uzoefu wa kupanga mambo na uwanja wa kusema hadharani. Wengine, mwishoni mwa miaka ya 1950, waliupeleka uzoefu huo katika vyama vya kudai elimu na maendeleo ya wanawake Waislamu.

Umuhimu wa pekee wa kazi hii kwa wanafunzi wa Kiswahili ni kwamba Strobel, pamoja na Sarah Mirza, alichapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Hapa msomaji hapati tafsiri ya kumbukumbu bali maneno yenyewe, katika Kimvita chao. Ni hazina ambayo wachezaji wa kiume wa Marini na Arinoti hawakubahatika kuachiwa kwa kiwango hicho.

6.0 Kushuka kwa beni na suala la kumbukumbu

Kuanzia miaka ya 1930 vijana wa mijini waligeukia dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na nyingine zikafuata. Vyama vya ustawi na kisha vya siasa vilichukua kazi ya kuwaunganisha wageni wa mjini. Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962 ili kufufua ngoma za asili. Beni haikupata kiti cha wazi katika mpango huo. Haikuwa ngoma ya kabila lolote, wala haikuwa dansi. Ilionekana kuwa na uzungu mwingi kwa watetezi wa asili, na ushamba mwingi kwa wapenda dansi.

Ni katika mazingira haya ambapo wazee walihojiwa katika miaka ya 1960, wakati Ranger alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mazingira ya mahojiano huathiri jibu. Mzee aliyeulizwa juu ya ujana wake na kijana msomi wa taifa huru alijua kwamba historia inayotafutwa ni ya harakati. Aidha, kila kizazi cha wachezaji hudai kwamba wakati wake ndipo palipokuwa na nidhamu, na kwamba waliofuata waliharibu. Dai hilo lisipuuzwe, lakini lisichukuliwe kuwa ni tarehe. Linaeleza thamani aliyoipa ngoma mzee, si lazima hali ya ngoma yenyewe.

Msamiati husaidia pale kumbukumbu inapoyumba. Neno la Kiingereza la kundi la wapiga ala limeingia Kiswahili mara mbili. Mara ya kwanza lilitoholewa likawa beni, likapoteza konsonanti moja na kupata ulimwengu mzima wa vyeo, sare na masimango. Mara ya pili likawa bendi, yaani kundi la muziki kama la polisi au la dansi. Maneno haya mawili, yenye mzazi mmoja, hayabadilishani nafasi. Mtu akisema beni anataja mashindano, maandamano na jamii. Akisema bendi anataja wapigaji na ala. Laiti beni ingalikuwa uigaji tu, Kiswahili kisingalihitaji maneno mawili.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Beni ilivuma sana, lakini haikupasuka. Iliwambwa upya kila ilipochakaa. Unguja bado husikika beni katika maandamano ya harusi, na kandokando ya Ziwa Nyasa mganda bado huchezwa kwa mistari iliyonyooka kama ya kikosi. Kinachopotea ni maneno: majina ya hatua, amri za kiongozi, istilahi za ala, na majina ya vyeo ambavyo waliovishikilia wameshafariki. Waliocheza Marini na Arinoti katika enzi yake hawapo tena wa kuulizwa. Waliojifunza kwa wale waliojifunza kwao wangalipo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu na aende harusini akiwa na daftari, aulize kila ala inaitwaje na kila hatua inaitwaje, kisha aandike jibu kama lilivyotamkwa, kabla ya kuuliza maana yake.