Daftari la Msomaji

Leo nataka kujibu neno ambalo wengi wameniuliza tangu tulipoanza kusoma pamoja: “Mwalimu, kila jioni nasoma, lakini nikikifunga kitabu ni kama sikusoma kitu. Asubuhi sikumbuki hata neno moja. Nifanye nini?” Jibu langu ni fupi: shika daftari.

Mtazameni mama anayekwenda shambani. Haangalii mihogo yake kisha akarudi nyumbani na kusema, “Nimeona mihogo mizuri.” Huing’oa, akaitia katika kikapu, akaibeba kichwani. Akifika, huiloweka, huianika, huitwanga. Ndipo watoto wapate kula. Msomaji asiyeandika neno lolote ni kama mtu aliyetembea shambani akatazama. Macho yameshiba, tumbo ni tupu. Daftari ndilo kikapu chetu.

Desturi hii si mpya. Sikilizeni habari ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mtu wa nchi ya Hispania. Alikuwa askari, akipenda vita na sifa. Mwaka 1521, katika mji wa Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Wakamchukua mpaka nyumbani kwao, akalala kitandani muda mrefu. Kwa kuwa alichoka kulala bure, akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita, maana ndivyo alivyozoea kusoma. Lakini katika nyumba ile havikuwapo. Wakampa kitabu cha maisha ya Kristu na kingine cha maisha ya watakatifu.

Akavisoma kwa kuwa hakuwa na vingine. Halafu vikaanza kumgusa, naye akaomba karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri mambo yaliyomgusa zaidi: maneno ya Kristu kwa wino mwekundu, na maneno ya Bikira Maria kwa wino wa samawati. Akajaza kurasa karibu 300. Alipopona na kushika safari, alilichukua daftari lake na kulitunza sana, akaendelea kuandika.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko rangi za wino. Inyasi alijiangalia alipokuwa akisoma na kuwaza. Akaona kwamba mawazo ya vita na sifa yalimpendeza kwa kitambo, kisha yakamwacha mkavu na mwenye huzuni. Lakini mawazo ya kuwafuata watakatifu yalimwacha na furaha, hata baada ya kuyamaliza. Basi akajifunza kuuliza si hili tu, “Kitabu kimesema nini?” bali na hili pia, “Kimeacha nini moyoni mwangu?” Kutokana na mambo aliyoyaona na kuyaandika hivyo, ndipo baadaye kikatoka kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichopigwa chapa mwaka 1548. Na mwaka ule ule wa 1548, yeye akiwa bado hai, mapadre wa shirika lake walifika katika ufalme wa Kongo. Tazameni jinsi daftari la mgonjwa lilivyotembea mbali.

Sasa sisi watu wa vijijini tufanyeje? Wala wino wa rangi mbili hauhitajiki. Tafuta daftari la kawaida, lile ambalo watoto wetu wa shule huliita kaye, na kalamu. Lifunge katika kitambaa au mfuko usiopitisha maji, ulitundike juu, mbali na mchwa na moshi wa jiko.

Ukilifunua daftari, una kurasa mbili mbele yako. Ukurasa wa kushoto ni wa kitabu. Andika tarehe, jina la kitabu na sura uliyosoma. Kisha andika jambo moja tu lililokugusa, kwa maneno yako mwenyewe, kama vile ungemweleza jirani yako. Usinakili sura nzima. Mkono utachoka, na moyo utalala. Kama kuna neno usilolielewa, liandike pia, upate kumwuliza Padri au mwalimu wako.

Ukurasa wa kulia uache mtupu. Huo ni wa maisha yako. Kila Jumamosi jioni, kabla ya Dominika, soma tena uliyoandika kushoto, kisha andika kulia limetendeka nini: nimelifanya neno hili, au sijalifanya, au nimejaribu nikashindwa. Huenda wiki nyingi zikapita pasipo neno. Usifadhaike, wala usiandike uongo ili kuujaza ukurasa. Ukurasa mtupu nao unasema.

Nitawasimulia jinsi ukurasa mtupu ulivyosema nami.

Miaka kadhaa iliyopita nilisoma waraka wa Mtakatifu Yakobo, sura ya tano, pale anapowakaripia matajiri wanaozuia ujira wa wavunaji wao. Nikaandika upande wa kushoto kwamba Mungu husikia kilio cha mtu aliyefanya kazi asilipwe. Neno hilo likanipendeza mno. Dominika iliyofuata nikalifundisha mbele ya watu kwa sauti kubwa, nao wakanisifu.

Jumamosi moja nikafunua daftari mahali pale. Upande wa kushoto umejaa, upande wa kulia mweupe. Nikashika kalamu nitafute la kuandika, na badala ya neno nikauona uso wa mtu. Mtu huyo alikuwa amenifyatulia matofali ya jiko langu. Nilimwahidi mbuzi mmoja wakati wa mavuno, na mavuno mawili yalikuwa yamepita. Mbuzi walikuwapo zizini, nami kila mara nilisema, “Mwezi ujao.” Tena nikakumbuka kwamba Dominika ile ya mafundisho yangu mazuri, yeye naye alikuwapo, amekaa nyuma kabisa karibu na mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaondoka bila kusema kitu.

Ndugu zangu, kitabu hakikuwa kimenishitaki, kwa maana nilikisoma kana kwamba kinasema na matajiri wa mbali. Daftari ndilo lililonishitaki, kwa sababu lilikuwa mwandiko wa mkono wangu mwenyewe. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamfunga mbuzi kamba, nikaenda kwake. Akaipokea kamba, akasema, “Mwalimu, nilidhani umesahau.” Nikaona haya, sikuweza kumjibu, kwa kuwa sikuwa nimesahau. Niliporudi nyumbani nikaandika upande wa kulia: “Nimelipa. Nimechelewa mavuno mawili.” Katika daftari zangu zote, hakuna ukurasa ninaousoma mara nyingi kuliko huo.

Basi shikeni maonyo matatu. La kwanza: usiandike dhambi za wengine. Mtu akisoma habari ya mlevi au mchoyo, kalamu yake hukimbilia jina la jirani. Izuie. Daftari ni kioo cha uso wako, si dirisha la kuchungulia nyumba ya mwenzako. La pili: usilionyeshe watu ili wakusifu kuwa msomi. La tatu: usiogope mwandiko mbaya wala makosa. Hakuna mwalimu atakayelisahihisha.

Labda mama mmoja anasema moyoni, “Mimi sikujifunza kusoma, somo hili si langu.” La, mama, ni lako pia. Mwite mtoto wako anayesoma shule, akusomee jioni sehemu fupi. Kisha wewe sema lililokugusa, naye aliandike kama ulivyosema, bila kugeuza neno. Jumamosi akusomee tena. Hivyo utapata daftari lako, na mtoto atajifunza kwamba maneno ya mama yake yanastahili kuandikwa.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Soma sura moja tu, andika neno moja upande wa kushoto, na upande wa kulia usubiri. Mkikutana Dominika baada ya sala, ulizaneni maswali haya:

Ni neno gani nililolisoma na kulisahau kwa kuwa sikuliandika?

Katika neno ninalolipenda na kuwafundisha wengine, je, kuna mtu anayenidai?

Ukurasa wangu wa kulia umebaki mtupu kwa sababu sijapata nafasi, au kwa sababu naogopa kuandika?

Mungu awabariki, awape macho ya kusoma na mkono wa kutenda. Kwaherini mpaka somo lijalo.

Tumsifu Yesu Kristu.