Mtungi wa Gesi Uliozeeka: Tuutumie au Turudishe?

(Maneno kwa wauzaji wa gesi na wakazi, soko la Kutus)



Kina mama huniuliza: mtungi wangu ni wa miaka mingi, niutupe? Usiutupe. Wala usimpe fundi aupake rangi. Rangi mpya juu ya kutu ni kumdanganya atakayeuchukua baada yako.

Umri peke yake si ugonjwa. Mtungi huu ni wa chuma, na kutu huanzia chini, pale kitako kinapokaa kwenye sakafu yenye maji. Kwa hiyo uinamishe kabla ya kulipa. Kutu ikiwa imechimba, au mtungi umebonyea, ukatae. Ukifika nyumbani paka maji ya sabuni kwenye valvu. Povu likifura, gesi inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ndiyo maana nawahofia zaidi wanafunzi wetu wa Chuo Kikuu cha Kirinyaga, wanaopika na kulala chumba kimoja.

Wenye maduka, tangu kanuni za 2019, mtungi ni jukumu la kampuni ambayo jina lake liko juu yake. Ukichakaa, urudisheni huko. Na asiwepo wa kujaza nyuma ya duka. Embakasi, usiku wa 1 Februari 2024, watu walikufa kwa moto uliotoka mahali palipojaziwa gesi bila leseni.

Leo nimekuja na mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongezeni kilo 6, tupime.