Nguzo Zilizoinama kwa Jirani

Leo tuongee juu ya nguzo za ua.

Mwaka 1981 nilijenga ua wa seng'enge mpakani mwangu na jirani. Nilikuwa na haraka. Nilichimba mashimo ya futi moja tu, nikasimamisha miti yenye maganda, nikarudisha udongo wote kwa mara moja na kuukanyaga kwa viatu. Nguzo ya pembeni niliimwagia saruji, nayo saruji ikawa kama bakuli: maji yaliingia yasipate pa kutokea.

Masika mbili hazikupita. Nguzo zikainama upande wa jirani, waya nao ukafuata. Mzee yule alitazama, akanyamaza. Halafu akaacha kunisalimu, hata kanisani, ambako tulikaa benchi moja! Alidhani nasogeza mpaka kidogo kidogo, nanyi mnajua Kumbukumbu la Torati 19:14 inamwambiaje mtu wa namna hiyo.

Ningeweza kujitetea. Lakini waya ulikuwa umesogea kweli.

Nilimwendea na kamba na timazi, nikamwambia, "Mzee, tafadhali njoo unionyeshe mpaka wewe mwenyewe." Alikawia kujibu. Kisha akachukua mtarimbo wake.

Tulisimamisha nguzo za mwisho kwanza, tukavuta kamba kati yake. Nguzo za mtarakwa, futi saba na nusu, tulizifukia futi mbili na nusu, yaani theluthi moja. Chini tulitia kokoto ili maji yanywee. Kule bondeni, kwenye udongo mweusi unaonata, kokoto peke yake haifai, kwa hiyo tulichimba na mfereji upande wa juu. Udongo tuliurudisha inchi sita, tukashindilia, ndipo tukaongeza. Mzee alishika timazi, ile aliyoonyeshwa nabii Amosi, akapima pande mbili kila mara, maana nguzo yaweza kuonekana wima ukiwa mashariki, kumbe imelalia magharibi. Mara tatu aliniambia, "Ng'oa, anza tena." Niling'oa. Mwisho tuliinua udongo kidogo shinani, maji yateremke, na vichwa vya nguzo tukavikata mshazari.

Siku ya tatu jioni mkewe alituletea birika la chai. Tulikunywa tumeegemea nguzo ya pembeni, naye akaniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja, kwa majina.