Muuguzi na Kompyuta
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu serikalini. Ni kazi ya mafaili, na sitawachosha nayo yote. Nitachukua faili moja tu: lile la kompyuta zinazomshauri muuguzi namna ya kumhudumia mgonjwa, na sababu za wauguzi kuzipokea au kuziacha zishike vumbi.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitengeneza programu iitwayo MYCIN, ya kushauri juu ya dawa za maambukizo. Ilipopimwa, ushauri wake haukupitwa na ule wa mabingwa. Hata hivyo haikupata kutumika wodini katika kazi za kila siku. Nawaomba wanasayansi wa Kidato cha Sita walikumbuke hilo.

Hapa kwetu, kati ya mwaka 2009 na 2014, mradi wa QUALMAT ulipeleka kompyuta katika vituo vya afya vya vijijini huko Lindi, na pia Ghana na Burkina Faso, kwa ajili ya huduma za wajawazito na uzazi. Faida yake ni rahisi kuiona. Mimba imepita wiki 20, shinikizo la damu limefika 140/90, na mkojo una protini. Mkunga aliyekesha anaweza kupitiwa, lakini mashine humwonya palepale kwamba mama huyu yumo katika hatari ya kifafa cha mimba. Kwa muuguzi aliye peke yake usiku, na daktari yuko mbali, huo ni msaada mkubwa.

Sasa, huko maofisini husemwa kwamba wauguzi wanaogopa mashine. Mimi sikubali. Hao hao wanaodaiwa kuogopa hutuma na kupokea fedha kwa simu kila siku! Nimekwenda vituoni, nikakaa pembeni nikatazama. Akina mama wamejaa kwenye benchi tangu alfajiri. Muuguzi anajaza kadi ya kliniki, kisha rejista ya MTUHA, kisha anaambiwa aingize mambo yale yale katika kompyuta. Umeme ukikatika, anaanza upya. Halafu mashine inamshauri atoe dawa ambayo stoo haijaiona kwa muda mrefu. Mkunga mmoja aliniambia, “Mwanangu, nikitazama kioo mama anadhani sijui kazi.” Mkunga huyo ana miaka mingi kazini, na heshima yake kijijini ndiyo inayowafanya wanawake waje kujifungua kituoni badala ya nyumbani. Hilo haliandikwi katika bajeti ya mradi wowote.

Kwa hiyo nimeandika pendekezo: kituo kisipelekewe kompyuta mpaka tukubali kuondoa angalau rejista moja ya karatasi, na wakunga wenyewe waijaribu programu kabla haijanunuliwa. Wakubwa wangu wawili hawalipendi. Wanasema karatasi ni ushahidi, na kwamba ununuzi utachelewa. Kuhusu kuchelewa, wanasema kweli. Lakini sitaliondoa, maana mashine isiyotumika haimwokoi mama yeyote, na fedha zake zingeweza kununua dawa.

Ninyi vijana mnaotaka kuandika programu, ombeni ruhusa mkeshe kituoni usiku mmoja, mtazame kazi ya muuguzi kabla hamjagusa kibonyezo.

Na miongoni mwetu wahitimu wamo waganga na wauguzi. Nimeacha daftari pale mezani karibu na mlango. Kabla ya chakula, nawaomba mniandikie ni rejista ipi mngeifuta kwanza, na kwa nini. Kamati inakutana mwezi ujao, na ningependa niende na maneno ya watu wanaoifanya kazi hiyo.